Msimu Umeshuka, au Faili Lako Ndilo Bovu?

Barua za mara hii zimetoka Bukavu karibu zote, kuanzia Bagira hadi Nguba, na nyingi zinazunguka swali lilelile: msimu mpya wa anime (katuni za Kijapani) ya mapigano ukitoka, mtu atajuaje kama umeshuka kweli? Tumezifupisha kidogo na kujibu tukiwa na episodi zenyewe mbele ya macho. Mwisho wa hadithi hatukuutaja popote, kwa hiyo hata aliye nyuma asome bila wasiwasi.

"Bayaya wa gazeti, jambo. Sisi vijana wa mtaa mmoja tumemaliza One-Punch Man msimu wa pili na tumegawanyika. Mmoja anasema studio ilikosa pesa, ndiyo maana mapigano yamepooza. Mwingine anasema hadithi yenyewe imechoka. Mimi naona sura ni zilezile, muziki ni uleule, ila kuna kitu hakipo. Nani kasema kweli?" — Kijana wa Kadutu

Mdogo wetu, wewe ndiye uliyekaribia. Tuanze na kilichobaki palepale. Skripti za misimu yote miwili zilisimamiwa na Tomohiro Suzuki. Aliyewachora upya wahusika kwa ajili ya anime ni Chikashi Kubota, msimu wa kwanza na wa pili. Muziki ni wa Makoto Miyazaki. Ndiyo maana macho na masikio yako yanakuambia uko nyumbani. Kilichoondoka ni mikono iliyochora mapigano, pamoja na mtu aliyeiita.

Msimu wa kwanza, wa 2015, ulitoka Madhouse chini ya mwongozaji Shingo Natsume. Wa pili, wa 2019, ulitoka J.C.Staff chini ya Chikara Sakurai. Huko Japani wachoraji hodari wa mapigano wengi hawana ajira ya kudumu kwenye studio moja. Wanalipwa kwa kipande walichochora, na huenda anakokwenda mwongozaji wanayemwamini. Natsume aliwaita, wakaja. Kwa hiyo mtu akisema "Madhouse ilikuwa bora", amelisifu jengo na kuwasahau watu waliopita humo kwa miezi michache.

Hoja ya pesa hupendwa kwa sababu haihitaji ushahidi. Kinachoonekana kwenye skrini haraka kuliko pesa ni muda. Mchoraji aliyepewa miezi miwili kwa sekunde 20 za pambano atajaribu pembe ya kamera, atafuta, atarudia. Aliyepewa wiki mbili atachora mwanzo wa ngumi na mwisho wake, na katikati ataweka mwanga mweupe.

Fungua msimu wa kwanza, episodi ya 5, pale Genos, kijana mwenye mwili wa chuma, anapojipima nguvu na Saitama, shujaa mkuu wa hadithi. Kamera inamkimbiza Genos, mwamba unapasuka, na vipande haviruki kwa pamoja: vidogo vinatangulia, vikubwa vinachelewa. Kisha fungua pambano lake lolote la msimu wa pili. Mwili wake umepakwa mng'ao wa chuma kwa kompyuta. Mkono unageuka, mng'ao haugeuki nao. Ngumi ikifika, skrini inakuwa nyeupe, na dubwana limekwisha kuanguka. Hicho ndicho unachokiona "hakipo": safari ya ngumi.

Hadithi haijachoka hata kidogo. Garou akiwawinda mashujaa mitaani, huku Suiryu akitamba ulingoni, ni mpangilio mzuri, na pambano la Garou na kundi la mashujaa msituni lingetosha kuubeba msimu wenyewe kama lingechorwa na mikono ya 2015. Kasoro ya hadithi ni kukatishwa njiani: msimu unafungwa kwa lile dubwana la tandu wakati Garou bado ana safari ndefu. Alama zetu ni 7 kwa 10 upande wa hadithi, 5 upande wa mikono. Na msimu wa tatu, ulioanza Oktoba 2025, J.C.Staff hiyohiyo chini ya Shinpei Nagai, una picha zilizosimama nyingi zaidi. Umewafanya watu wengi wausamehe wa pili.

"Kila mtu anasema 'michoro haisogei vizuri' lakini hakuna anayeonyesha. Nina kompyuta ya zamani yenye VLC, ile programu ya kuchezea video. Je, kuna namna ya kupima badala ya kubishana tu?" — Dada wa Ibanda

Ipo, dada, na kompyuta ya zamani inatosha. Video ya anime inapita fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, lakini hakuna mtu anayechora michoro 24 kwa kila sekunde ya televisheni. Mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu kadhaa. Simamisha video mwanzoni mwa pambano, kisha bonyeza herufi E. Kila bonyezo husogeza fremu moja. Mtazame mhusika peke yake, usitazame mandhari, na uhesabu ni bonyezo la ngapi mchoro wake unabadilika. Ukibadilika kila bonyezo la pili, hiyo ni michoro 12 kwa sekunde. Ukibadilika kila la tatu, ni 8, na 8 ndiyo kawaida ya anime ya televisheni. Usipige kelele ukiikuta.

Pambano zuri linachanganya. Mwili ukikusanya nguvu unakwenda tatu-tatu. Ngumi ikitoka inakwenda moja-moja kwa fremu nne au tano. Ikigonga, mchoro mmoja unashikiliwa fremu sita, nane, ili jicho lihisi uzito. Ukikuta pambano zima linakwenda tatu-tatu bila kubadilika, aliyelichora hakupewa nafasi ya kufikiria mwendo.

Kasoro ya kweli ni mchoro unaoteleza. Mhusika anaonekana anaruka kutoka kushoto kwenda kulia, lakini ukihesabu mabonyezo 24 unakuta vidole, nywele na mikunjo ya nguo havijabadilika hata mara moja. Ni picha moja inayosukumwa juu ya mandhari, na mistari ya kasi imewekwa nyuma kuificha. Chukua sekunde 30 za pambano kuu na uandike sekunde ngapi ni picha za kuteleza, picha zilizoganda, mwanga mweupe au mistari mitupu. Kwa kipimo chetu, hadi sekunde 10 ni kawaida, kwani hata episodi bora hupumzika. Zikipita 20, lalamika kwa sauti.

Ila jihadhari na kosa la kinyume. Watu husimamisha pambano la haraka, wanakuta uso umevutika kama ugali kwenye mwiko, wanaipiga picha na kuisambaza WhatsApp: "tazama ujinga huu." Mchoro uliovutwa umewekwa makusudi ili mwendo uonekane laini, na unakaa fremu moja au mbili tu. Episodi ya 167 ya Naruto Shippuden, ya 2010, Naruto akipambana na Pain, imetukanwa kwa picha za namna hiyo miaka yote hii. Iache ikimbie kwa kasi yake. Atsushi Wakabayashi, aliyeiongoza, alitaka miili inayonyumbulika, na sisi tunaiweka kati ya episodi bora za Naruto. Linganisha na Dragon Ball Super episodi ya 5, ya 2015, Goku na Beerus: pale nyuso zimepinda hata wahusika wakiwa wamesimama wima wakizungumza. Wenyewe walirekebisha michoro hiyo kabla ya kuuza diski. Uso unaopinda kwenye mwendo wa haraka, uache upite. Uso unaopinda kwenye mazungumzo ya sekunde tatu ni kosa la kazi.

"Tunapeana Demon Slayer kwa simu, mega 60 kwa episodi moja. Msimu wa kijiji cha wahunzi mapigano yanageuka viraba viraba. Wale wa studio ya Ufotable wameshuka?" — Mwanafunzi wa Bagira

Hawajashuka, faili lako limebanwa kupita kiasi. Fanya hesabu. Episodi ni dakika 24, sawa na sekunde 1440. Megabaiti 60 ni megabiti 480. Gawanya kwa 1440 upate theluthi moja ya megabiti kwa kila sekunde, pamoja na sauti. Hiyo ni kidogo mno.

Programu ya kubana video huokoa nafasi kwa kutorudia kile ambacho hakijabadilika. Watu wawili wakizungumza chumbani, ukuta haubadiliki, kwa hiyo hata mega 60 zinavumilika. Pambano likianza, kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja: cheche, moshi, mawimbi ya upanga wa Tanjiro, kamera inayozunguka. Programu haina nafasi tena, inatupa undani na kuacha viraba. Yaani faili dogo linaharibika palepale unapotaka kutoa hukumu. Na giza linaongeza taabu: madubwana wa hadithi hii wanaogopa jua, hivyo mapigano karibu yote ni ya usiku, na anga la usiku lililobanwa linageuka mistari mipana ya rangi badala ya kufifia polepole.

Kama mega ni ghali, usitafute episodi zote 11 kwa ubora mkubwa. Tazama za mazungumzo kwa faili dogo, kisha tafuta moja au mbili za pambano kuu kwa 720p, mega 250 hadi 350. Ukiona jina la faili lina x265 au HEVC, hiyo ni njia mpya zaidi ya kubana: karibu nusu ya ukubwa kwa ubora uleule. Lakini simu ya zamani huishindwa, inaruka fremu, na mwendo unaonekana wa kukwamakwama. Pima kwa kucheza faili hilohilo kwenye simu nyingine. Likienda laini huko, mchoraji hana kosa.

"Wahariri, nina ukumbi mdogo wa video karibu na soko la Kadutu. Nimenunua televisheni kubwa mpya, na sasa vijana wanalalamika kwamba anime inaonekana kama novela. Sielewi, picha ni safi kuliko zamani." — Papa mwenye ukumbi

Papa, vijana wana macho. Televisheni mpya zinabuni fremu za katikati ambazo hazikuchorwa na mtu, ili mpira uonekane laini. Kwenye anime inaua kazi: ule mchoro ulioshikiliwa fremu nane ili ngumi iwe nzito unayeyushwa, na ngumi inaelea. Pia hutokea ukungu kuzunguka mikono na upanga. Ingia kwenye mipangilio ya picha uizime. Samsung huiita Auto Motion Plus, LG huiita TruMotion, Sony huiita Motionflow. Chagua hali ya Cinéma, na usikuze picha, maana ukikuza unakata maandishi ya chini na miguu ya wahusika. Mafaili yaliyoandikwa "60fps" (fremu 60 kwa sekunde) nayo yana ugonjwa huohuo, ila hayo hayana dawa kwenye mipangilio. Yakatae.

"Nimefungua L'Attaque des Titans msimu wa nne. Watu nisiowajua, vita nisivyovijua, na hata michoro ni mingine. Kuna msimu nimeruka?" — Msomaji wa Panzi

Hesabu kwanza. Msimu wa kwanza una episodi 25, wa pili 12, wa tatu 22. Jumla 59. Kama umezitazama zote 59, hukuruka kitu; episodi ya 60 imeanza hivyo kwa makusudi. Mwandishi wa manga, yaani kitabu cha katuni ambacho anime imetokana nacho, Hajime Isayama, ndiye aliyeihamisha hadithi ng'ambo ya bahari kuanzia juzuu la 23, akamwacha msomaji ahangaike na wageni kabla ya kumrudishia watu wake. Kuchanganyikiwa kwako ni kazi yake iliyofanikiwa, na studio haihusiki. Usitoe hukumu kabla ya episodi ya 64.

Michoro, hapo kweli kuna mabadiliko. Misimu mitatu ya mwanzo ilitengenezwa na Wit Studio; wa mwisho, ulioanza Desemba 2020, ni wa MAPPA chini ya Yuichiro Hayashi. Wit walikuwa na mstari mnene kuzunguka mwili na kamera inayopaa kati ya majengo. MAPPA wana mstari mwembamba na rangi zilizokauka, karibu zaidi na kalamu ya Isayama ya miaka ya mwisho. Majitu mengi yametengenezwa kwa kompyuta, na hapo ukitaka kulalamika una sababu: tazama mguu wa jitu unapokanyaga. Katika picha kadhaa ardhi haijibu, vumbi linakuja limechelewa, na jitu la tani nyingi linaonekana jepesi. Nyuso za watu, kinyume chake, zimeimarika. Huzuni ya Reiner katika msimu huu haikuwahi kuchorwa vizuri hivyo kabla.

Msimu huo umegawanyika: episodi 16, halafu 12, halafu vipande viwili virefu vya Machi na Novemba 2023. Wauza mafaili huvipanga ovyo. Vipande hivyo viwili virefu ndivyo hitimisho lenyewe, ukivikosa, hujamaliza.

"Tokyo Ghoul msimu wa tatu sikuelewa lolote, na mimi si mjinga. Kosa ni la nani?" — Kaka wa Nguba

Si lako, kaka. Msimu wa pili, wa 2015, uliiacha manga na kumpeleka Kaneki, mhusika mkuu, njia yake wenyewe. Kisha msimu wa tatu, uitwao :re, wa 2018, ukairudia manga kana kwamba msimu huo wa pili haukutokea. Mtazamaji anadai maelezo ambayo hakuwahi kupewa. Juu ya hapo ni kasi. Manga ya :re ina sura 179. Anime yake ina episodi 24. Gawanya: zaidi ya sura saba kwa kila episodi.

Hesabu hiyo itumie kwa anime yoyote. Manga ya kila wiki, yenye kurasa 18 hadi 20 kwa sura, hukaa vizuri ikipewa sura mbili au tatu kwa episodi. Ikifika tano wanaruka mazungumzo, na watu wanaanza kufa kabla hujajua majina yao. Ikishuka hadi moja wanavuta muda: nyuso zinazotazamana, kumbukumbu za jana, upepo. Ila manga ya kila mwezi ina sura nene, kurasa arobaini na zaidi, hivyo isipimwe kwa rula hii. L'Attaque des Titans ni ya namna hiyo. Sura moja na kidogo kwa episodi huko ni mwendo mzuri. Ukitaka kuionja manga yenyewe, programu ya MANGA Plus ya mchapishaji Shueisha inatoa bure sura za kwanza na za mwisho za manga zao nyingi, na za Kifaransa zipo.

"Mbona Jujutsu Kaisen msimu wa pili mapigano makubwa yanakuwa giza ghafla, kama mtu amefunika skrini? Na rafiki yangu ana nakala ambayo haina giza hilo." — Msomaji wa Ibanda

Nyote wawili mna nakala za kweli za kazi moja. Tarehe 16 Desemba 1997 episodi moja ya Pokémon yenye mwanga wa kumetameta iliwapeleka hospitalini zaidi ya watoto 600 huko Japani. Tangu hapo televisheni za Japani zina kanuni kali: mwanga ukimetameta kwa kasi, picha hufifishwa au fremu huchanganywa hadi inaonekana ina kivuli mara mbili. Gojo na Sukuna, wapiganaji wakubwa wa hadithi hii, wakianza kazi, karibu kila sekunde inagusa kanuni hiyo. Kwenye diski zinazouzwa baadaye, ufifishaji huondolewa. Tazama jina la faili: likiwa na WEB au TV, mara nyingi ni lile la televisheni, likiwa na BD, ni la diski.

Tofauti haiishii kwenye giza. Msimu huo ulikimbizwa sana mwishoni mwa 2023, na baadhi ya wachoraji walilalamika hadharani kuhusu ratiba. Episodi ya 17, ile ya Sukuna na Mahoraga, ilirushwa Novemba ikiwa na sehemu zisizokamilika, kisha zikafanyiwa kazi tena kwa ajili ya diski. Ukitoa hukumu juu ya episodi hiyo, taja nakala uliyoiona. Sisi tunaipa alama kubwa hata katika hali yake ya televisheni, kwa sababu wazo la kila pigo linaonekana hata pale mstari haujasafishwa.

Alama ya haraka ya studio iliyobanwa: mwishoni mwa episodi, kwenye majina yanayopita, tafuta herufi hizi nne: 作画監督. Ni wakaguzi wa michoro, wanaosawazisha sura zilizochorwa na watu mbalimbali. Mkaguzi mmoja hadi watatu ni kazi iliyopangwa. Ukihesabu majina kumi na kuendelea, mara nyingi michoro ilifika kwa kuchelewa, wakaitwa wote waliokuwa na kalamu. Si ushahidi kamili, maana episodi yenye mapigano mengi nayo inahitaji wakaguzi wengi. Lakini yakiwa kumi katika episodi ya watu kunywa chai, jua mambo yaliwaka moto.

"Kwenye MyAnimeList, tovuti ambako watazamaji huipa anime alama, misimu ya mwisho ina alama kubwa kuliko ya kwanza. Kwa hiyo misimu ya mwisho ni bora?" — Kijana wa Bagira

Hapana. Walioichukia hadithi waliondoka msimu wa kwanza na kuacha alama zao huko. Wanaopiga kura msimu wa tatu ni wapenzi waliobaki. L'Attaque des Titans, sehemu ya pili ya msimu wa tatu, ina zaidi ya 9, juu ya msimu wa kwanza. Ni nzuri kweli, lakini kura zake hazina wapinzani. Soma kinyume: kwa kuwa alama huelekea kupanda zenyewe, msimu unaoshuka ndio wenye habari. One-Punch Man ilipoteza karibu alama nzima kati ya wa kwanza na wa pili. Hiyo ni kelele ya wapenzi wenyewe, isikilize.

Na usipime kwa episodi ya 1 wala ya mwisho. Hizo hupewa wachoraji bora na muda mrefu. Studio ikichoka huonekana kuanzia ya 5 hadi ya 9, kwenye episodi ambayo hakuna anayeizungumzia. Itazame hiyo.

"Vinland Saga msimu wa pili: wanalima. Nilikuja kwa mapigano." — Msomaji wa Kadutu

Wanalima, ndiyo, na studio imehama kutoka Wit kwenda MAPPA. Lakini mwongozaji Shuhei Yabuta na mchora sura Takahiko Abiru wamehama pamoja nayo, na ukiiweka misimu hiyo miwili bega kwa bega hutaona mshono. Hukupata ulichokuja kutafuta, hilo linaeleweka. Andika "haukunifaa". Usiandike "umeharibika". Kwa macho yetu ndio msimu bora zaidi tuliotaja katika kurasa hizi, na mapigano machache yaliyomo yanauma kwa sababu ni machache.

"Nina Demon Slayer kwenye flashi, mafaili yamechanganyika, mengine yameandikwa film. Nisaidieni mpangilio." — Mama wa vijana wawili, Nguba

Mama, anza na msimu wa 2019, episodi 26. Kisha Le Train de l'Infini, na hapa chagua kimoja: filamu ya 2020, au episodi 7 za televisheni za 2021. Ni hadithi moja. Episodi ya kwanza tu kati ya hizo saba ndiyo mpya, inamhusu mpiganaji Rengoku, nyingine zimekatwa kutoka kwenye filamu. Kwa upande wa picha tunapendekeza filamu. Halafu mtaa wa starehe, episodi 11, uliomalizika Februari 2022. Halafu kijiji cha wahunzi, 11, mwaka 2023. Halafu mafunzo ya Hashira (wapiganaji wakuu), 8, mwaka 2024. Mwisho filamu ya 2025, La Forteresse Infinie.

Mtaa wa starehe una damu nyingi na unapita kwenye madanguro. Kama mdogo wao hajafika miaka 13, itazame wewe kwanza.

Mafaili mawili ya "film" ya 2023 na 2024 si filamu. La 2023 ni episodi mbili za mwisho za mtaa wa starehe zilizounganishwa na ya kwanza ya kijiji cha wahunzi. La 2024 ni episodi ya mwisho ya wahunzi pamoja na ya kwanza ya mafunzo. Kama episodi zote unazo, yafute hayo mawili upate nafasi.